Ketamini Nisiyoagiza

Jumatatu, 3 Oktoba 2022

Nimerudi kutoka Sake, mgongo umekufa kwa pikipiki. Formation ya siku nzima, sisi wenye pharmacie, maduka ya dawa, pamoja na wauza vifaa vya hospitali. Papa Nestor wa inspection ya dawa ndiye aliyetufundisha. Mapya ni haya: kila agizo la dawa kali – tramadoli, diazepamu, ketamini ya kulaza mgonjwa kabla ya kisu – lipitie kwenye simu, ndani ya programme yao, kwa namba ya siri. Depo ya Goma inatuma ujumbe. Atakayeonyesha ujumbe anapewa mzigo Sake. Muhuri sasa basi! Miaka kumi na tisa nina muhuri wangu, hakuna aliyewahi kuuiba.

Namba ibadilishwe kila mwezi. Mtu asiambiwe. Papa Nestor alirudia mara tatu: atakayeacha namba yake ijulikane, pharmacie inafungwa, autorisation ya kuuza dawa inachukuliwa. Alikuwa ananitazama mimi. Kwa nini mimi? Wengine walikuwa wanasinzia! Simwamini mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Jumanne, 4 Oktoba

Namba mpya nimeiweka asubuhi. Saa sita nimeisahau. Nimejaribu mara tatu, programme imenifungia kwa saa nzima kama mwizi. Nimeweka nyingine. Safari hii nimekata kipande cha sparadra, ile ile ninayowauzia watu ya kubandika vidonda, nikaandika namba kwa Bic, nikaibandika ndani ya kava ya simu. Ukirudisha kava, huoni kitu. Akili!

Nilingoja Uwitonze aende kuchota maji kwanza. Ni muuzaji wangu mwaka wa sita sasa, mtoto wa hapa hapa Karuba, wazazi wake wanalima kilima cha nyuma ya soko. Kazi anaijua. Lakini ni kimya. Watu wa kimya siwaelewi. Sisi tuliotoka Butembo tukikasirika mtaa mzima unajua, kesho tumesahau.

Ijumaa, 7 Oktoba

Fuso ya binamu yangu Kasika imezama kwenye matope chini ya Mushaki, na katoni zangu za serumu ndani! Kabla ya kutoka nimeacha simu kwa Papa Mbonigaba, anayechaji simu za watu kwa malipo, ipate moto, kama kila Jumanne na Ijumaa tangu betri ya paneli yetu ife. Duka tumefunga. Uwitonze na mimi tumetembea tangu saa moja, tumefika, tumebeba katoni kichwani, tumerudi saa nane. Nilianguka mara mbili. Yeye hakuanguka hata mara moja, wala hakunicheka. Angenicheka ningefurahi.

Simu nimeichukua jioni. Imejaa.

Jumatano, 12 Oktoba

Uwitonze anazungumza kwenye simu yake nyuma ya duka, Kinyarwanda, sauti ya chini. Nikiingia anakata. Mara tatu wiki hii! Na nani? Kuhusu nini? Nimemuuliza, amesema ni mama yake. Mama yake anakaa mlimani pale, unaweza kumwita kwa sauti.

Kasika amepita. Nimemsimulia. Ametikisa kichwa. Anasema: "Dada, vita iko ku mulango, na weye unapatiaka bale bantu funguo ya duka?" Nimemwambia aniache, si kila asemaye Kinyarwanda ni wa waasi, Uwitonze si "bale", ni Uwitonze. Lakini amekwenda, neno limebaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 13 Oktoba

Jana wakati wa kufunga nilinyunyiza poda ya watoto ndani ya droo ninamoweka simu mchana. Kidogo tu. Leo saa nne nimefungua: imefutwa! Safi kabisa. Nimemuita Uwitonze. Hata hakushtuka. Anasema: "Mama, panya njo walimwanga ile poudre, nikapangusha." Panya! Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mwenye jibu haraka hivyo alilitunga lini?

Jumatatu, 17 Oktoba



Papa Nestor amepiga simu saa tatu. Anauliza zile ketamini sitini nimezifanyia nini. Ketamini gani? Anasema flakoni soixante – sitini! – na nyuzi za kushonea, zimeagizwa kwa jina langu, zimepokelewa Sake na mtu wa pikipiki aliyeonyesha ujumbe wa depo. Nimeapa kwa Bikira Maria. Naye: "Mama Kyakimwa, ile commande ilitokea mu simu yako. Haiko mu ingine."

Ketamini sitini na nyuzi. Hapo kuna wapiganaji wanapasuliwa porini, na jina langu njo limewalaza. Wenye bunduki wa upande mwingine wakijua, hawatauliza kama nilijua.

Amesema kama sikuagiza mimi, nijaze fomu kwenye programme leo leo, ama faili linabaki juu yangu. Nimejaza. Chini kuna kisanduku: mtu unayemshuku. Nimekaa mbele ya kisanduku kile muda mrefu. Nani anakaa karibu na simu yangu? Nani anafuta poda? Nani ananong'ona?

Nimeandika Uwitonze, na jina la baba yake, na kilima chao. Saa kumi nimetuma.

Saa kumi na nusu ameniletea chai ya tangawizi, anasema nimekonda uso. Nimekunywa.

Jumanne, 18 Oktoba

Hakuna kitu. Ameuza, amepanga, ameandika namba za lot za dawa kwenye rejista kwa mwandiko wake mzuri. Mimi simtazami usoni. Nimefanya linalotakiwa na sheria. Basi.

Alhamisi, 20 Oktoba

Papa Nestor ametuma nakala ya agizo, nithibitishe. Nimeisoma nimesimama kaunta. Siku: Ijumaa tarehe 7 Oktoba. Saa: nne na dakika ishirini asubuhi. Ujumbe wa depo umefunguliwa saa nne na dakika arobaini na moja, kisha umefutwa.

Ijumaa tarehe 7. Nikajiuliza, siku hiyo nilikuwa wapi? Nimefungua daftari hili.

Matope! Saa nne Uwitonze alikuwa chini ya Mushaki na katoni yangu ya serumu kichwani. Mbele yangu. Nilikuwa natazama kisigino chake ili nijue pa kukanyaga. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu: "Hakuanguka hata mara moja."

Na simu ilikuwa kwa Papa Mbonigaba.

Mchana nimemuuliza Uwitonze, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mama yake anataka nini siku hizi. Ameona haya. Mama yake amepata woga, anataka familia yote ikimbilie Minova kabla vita haijafika. Kila siku anampigia akilia. "Nilimwambia hapana. Nitaacha Mama na nani?" Mama anayemsema ni mimi.

Nilipaswa kumpigia Papa Nestor saa ile ile. Nilishika simu. Nikaikumbuka miwani yake na maneno yake: inafungwa, inachukuliwa. Marehemu mume wangu aliuza ng'ombe watatu na shamba la Lubero ili tufungue hapa. Kesho nitapiga. Kwanza nihakikishe.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimehakikisha.

Nimekwenda kwa Papa Mbonigaba kabla ya saa tatu, nimempa simu, nikajifanya nimechoka, nikakaa kwenye benchi lake. Mzee mwema, wimbo mdomoni. Ameandika jina langu kwenye karatasi. Halafu – Mungu wangu – akabandua kava. Akaiweka kando, ndani juu, sparadra yangu nyeupe peee inatazama dari! Simu zote mezani ziko hivyo, arobaini au zaidi, uchi, kila moja na kava yake pembeni. Nimemuuliza kwa nini. Ameshangaa kwamba sijui. "Mama, telefone ikipata moto na nguo yake, batterie inavimba. Miye navulaka zote. Tangu zamani!"

Tangu zamani. Mimi huacha simu asubuhi, huichukua jioni, kava imerudishwa. Sijawahi kukaa.

Na simu haizimwi, maana yeye hupokea na kuwaambia wanaopiga kwamba iko ku charge. Kwenye benchi tulikuwa watu tisa. Wauza ndizi, wa pikipiki wawili, mwanajeshi mmoja, wengine siwajui. Wanatoka, wanaingia. Yeyote aliyekaa hapa tarehe 7 angeweza kusoma namba, kuagiza, kupiga picha ujumbe wa depo na kuufuta. Sitajua kamwe ni nani! Lakini aliyempa namba najua ni nani. Anaitwa Kyakimwa.

Nimebandua sparadra. Sikuitupa. Nimeibandika hapa chini ya mstari huu, tarakimu zote sita zinasomeka.

Nilimshuku kwa sababu ni kimya na kwa sababu ya lugha ya mama yake. Hakuna sababu nyingine humu, nimerudia kurasa zote. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nitampigia Papa Nestor Jumatatu. Jumapili nitaungama, nitakuwa na nguvu.

Jumamosi, 22 Oktoba

Hawakungoja Jumatatu.

Papa Nestor yuko dukani na wanaume wawili wenye makoti ya ngozi, pikipiki mbili nje. Hao wawili hawakutaja kazi yao. Uwitonze amewapangusia viti. Nimesema naenda nyuma kuleta autorisation, na kweli ninayo hapa, ndani ya fremu yake, nimeishusha ukutani. Nimefunga mlango. Naandika nimesimama.

Wanamuuliza. Mbao za mlango ni nyembamba, nasikia vyote. Unaijua code ya mama? – Hapana. Unagusaka telefone yake? – Ikilia na yeye iko mbali, namupelekea. Unaongeaka na nani Kinyarwanda? – Na mama yangu. Nasikia mmoja anacheka.

Sasa anasema yeye, wala hajaulizwa: "Muulize Mama. Iko pale nyuma. Yeye anajua siku yote miye niko wapi."

Najua. Imeandikwa. Ijumaa tarehe 7, saa moja mpaka saa nane. Hakuna ushahidi mwingine duniani ila daftari hili. Nikisema kwa mdomo tu, watasema mama anamwonea huruma mfanyakazi wake. Na wakisoma tarehe 7 watasoma tarehe 4, na 17, na sparadra. Yeye pia atasoma. Anajua kusoma vizuri kuliko mimi.

Viti vimesogezwa. Wamesimama. Papa Nestor anasema ni Sake tu, maulizo kidogo. Kidogo! Kaka wa Kasoki muuza mkaa alipelekwa kwa maulizo kidogo mwezi wa tano, mpaka leo hajarudi.

Uwitonze anaita: "Mama, banasema tuende. Unipatie kitenge yangu, iko nyuma ya mulango."

Kitenge kiko hapa, kwenye msumari, kimekunjwa vizuri kama vitu vyake vyote. Fremu iko juu ya katoni. Daftari liko mkononi.

Ameita tena. Nimejibu: nakuja. Sijasema nakuja na nini.