Kondoo wa Baba Wamo Zuliani

Firuzabad, Jumatano

Dada Senobar,

Peremende zako za Shiraz zilifika, Mama akazificha, nasi tukazifichua. Sote wazima. Baba tu ndiye asiyeongea. Tangu ukame umlazimishe kuuza kondoo wote, anakunywa chai na kuutazama mlima.

Zulia aliloagiza mumeo limebaki shubiri moja likamilike. Aliomba tausi, lakini mkono wangu ukafuma kondoo wetu, kwa sufu yao iliyobaki ghalani. Mama ananicheka: "Huyu ni kondoo au paka wa jirani?"

Jana Baba alisimama nyuma yangu. "Yule jike anayechechemea yuko wapi?"

Niligeuka haraka kusikia sauti yake. "Nimemsahau, Baba."

"Unamsahauje, mtoto we, naye ndiye anayetangulia wenzake!"

Nikamfuma juu kabisa, mbele ya wote. Baba akacheka. Kisha nikamkumbusha kwamba shemeji anakuja Ijumaa kulichukua zulia.

"Mwambie kundi haliuzwi mara mbili."

Basi mwambie, dada. Akija, aje kunywa chai tu, maana Baba ameishika tena fimbo yake ya kuchungia na amekaa mlangoni.

Mdogo wako asiyejua kufuma tausi,
Golandam