Mama, Dada Yako Alikuwa Akisema

Shehe wetu uliyetuongozea khitma. Baba Mdogo Haruna, uliyeshika nafasi ya marehemu baba yetu. Wazee wa ukoo. Mashangazi mliomuuguza Mama. Majirani wa Kasingirima na ndugu mliotoka Rusimbi: nawashukuru kwa kuitimiza nasi arobaini hii. Kwa desturi, neno la familia leo ni langu, mtoto wa kwanza. Lakini neno nililo nalo linamhusu marehemu kabla ya kuwahusu ninyi. Nimemwandikia barua. Niruhusuni nimsomee, nanyi mwe mashahidi.

Mama,

Nyumba ipo. Mdogo wangu Zuhura amehamia chumbani kwako na anaswali juu ya msala wako. Kuku wako wamekataa kulala bandani. Wanalala kwenye ngazi ya nyuma, wanakungoja uwafukuze. Na ile kompyuta niliyoiweka chini ya runinga sebuleni bado inawaka. Unakumbuka nilivyojisifu nayo. Nilikuambia nimehifadhi humo video zote za ukoo, harusi na maulidi, na kwamba utabonyeza rimoti tu, picha ije yenyewe kwenye runinga. Ukanicheka: "Baba, hili boksi linakula umeme kama friji, na halinipi hata barafu." Hata hivyo, kila Ijumaa baada ya chakula ulikuwa wa kwanza kuketi mbele yake.

Waliopo hapa wanajua kwamba wewe na Mama Mkubwa Asha mlizaliwa wawili tu, na kwamba yeye aliolewa ng'ambo ya ziwa, Kalemie. Wanajua pia kilichowatenganisha. Bibi alipofariki, mlimzika siku ileile kabla ya magharibi, kama dini inavyotaka. Mama Mkubwa alishuka botini kesho yake akakuta kaburi. Alisimama mlangoni akasema, "Umemzika mama yangu bila mimi," akarudi zake bila kunywa hata maji. Miaka ikapita hamsemezani.

Halafu akaja yule mfanyabiashara wa vitenge akiwa na flashi. Mama Mkubwa alikuwa amemwita mpiga video wa harusi wa kule, akaketi mbele ya kamera na kukutumia ujumbe. Mimi sikuufungua. Nilijiambia kwamba maneno ya dada na mdogo wake si ya mtoto kuyasikiliza. Niliunakili kwenye kompyuta, nikakuwekea picha kwenye runinga, nikatoka nje kwa adabu.

Ukaniita. "Mbona hasemi?"

Nikaja nikatazama. Midomo ilikuwa ikicheza, sauti hakuna. Video zetu nyingine zilikuwa zikisema vizuri, kwa hiyo nikatoa hukumu nikiwa nimesimama: "Wameharibu wenyewe kule walikorekodi, Mama. Sauti haikuingia."

Uliniuliza mara ya pili, Ijumaa iliyofuata. Uliniuliza mara ya tatu, na mara hiyo nilikujibu kama ninavyomjibu mwanafunzi mzito wa darasa langu: "Si nilishakuambia?" Hukuuliza tena. Uliendelea kuitazama hivyohivyo, bubu, ukimwambia Zuhura, "Rudisha nyuma." Ulikuwa ukitafuta maana usoni mwake. Na ilipofika pale anapoinua kidole kuelekea juu, ulisema, "Mnaona? Amenishtaki kwa Mungu."

Ukaugua. Ukatuita sote, ukatuachia wasia: "Nikifa, Dada asipelekewe habari. Alishamaliza na mimi." Tukautii. Arobaini hii yote hatujamtumia mtu. Kama amesikia, amesikia sokoni, kutoka kwa wanunuzi wa dagaa, kama anavyosikia mtu msiba wa jirani wa mbali.

Mama, Ijumaa iliyopita nilikuwa nikitafuta picha zako za shughuli hii, nikaifungua video ile kwenye kompyuta yangu ya kazini. Ikasema.

Sauti ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Kamera ya yule mpiga video hurekodi sauti kwa namna ambayo runinga yetu haiwezi kuisoma. Kompyuta niliyoiweka ingeweza kuibadilisha sauti hiyo kabla ya kuirusha. Ina kipengele cha kazi hiyo. Nilikizima kwa mkono wangu, kwa sababu kilikuwa kikiikwamisha picha, nami sikutaka wageni waone mtambo wangu unakwama. Kukiwasha tena hakukunichukua muda wa kuchemsha chai.

Sasa usikilize alichokuwa akikuambia.

"Mdogo wangu, Mungu shahidi, sina nawe neno. Maiti haingoji boti. Nilikasirikia ziwa, nikakupiga wewe. Njoo tule ugali wa muhogo, acha ukaidi, umezeeka. Usipokuja nitajua hujanisamehe, na sitakusumbua tena."

Kidole kilikuwa cha kiapo, Mama. Alimwita Mungu awe shahidi wake.

Alikungoja. Nawe ulikufa ukiamini umelaaniwa na mtu pekee aliyebaki wa tumbo lenu, kwa sababu mwanao, mwalimu, hakutaka kuinama dakika chache. Nimeomba msamaha kwa Mola. Kwako sijui niuombeje. Ulikuwa na tabia ya kusamehe kabla mtu hajamaliza sentensi, na hilo ndilo linalonishinda zaidi.

Lala salama, Mama. Nitakwenda kwake mwenyewe, na sitamficha ni nani aliyemnyamazisha.

Baba Mdogo, shehe, ndugu zangu. Wasia wa marehemu ni mzito, na ninajua ninachokigusa. Lakini Mama aliusia kwa jambo alilodhani ameambiwa, na kosa la kudhani kwake ni langu. Nimeshauriana na shehe, naye ameniambia kwamba wasia wa kukata udugu haufungi mtu. Kwa hiyo, kama mtoto wa kwanza, natamka: matanga ya mama yetu hayafungwi leo. Boti ya kesho asubuhi itatuchukua mimi, Zuhura na Baba Mdogo kwenda Kalemie kumpelekea Mama Mkubwa habari na kumwomba aje. Ninyi nawaomba mrudi hapa siku tutakayorudi naye, wote, kwa mpangilio huuhuu. Akina mama, mikeka isikunjwe.