Picha Mbili za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nimekuficha jambo moja: alichosema mwanao Ekai siku nilipompelekea picha yako hospitalini Eldoret. Uliniuliza mara nyingi, nami nikakujibu kwa maneno machache niliyoyatunga njiani nikirudi. Ulikufa ukiyaamini. Sasa mapafu yangu yamechoka, na daktari wa hapa Lodwar ameacha kunipa miadi ya mbali. Sitaki tukutane huko uliko kabla sijakueleza.

Nisamehe pia kwa kukusemesha hivi, uso kwa uso. Desturi ya nyumba yenu ilikuwa kali kuliko ya majirani. Miaka yote tuliyojuana sikukukaribia wala kukutazama machoni, na maneno yetu yalipitia kwa binti yako Nakiru, mke wangu, hata tukiwa sote uani. "Mwambie mwalimu chai inapoa," ungesema, nami nimeketi pale nasikia kila kitu. "Mwambie Mama nimeiona," ningejibu. Nakiru alitutazama kwa zamu. "Mmeshaambiana," alisema siku moja. "Mimi naenda kuteka maji."

Unakumbuka habari zilivyofika Kakuma. Dereva wa lori alisema Ekai ni mgonjwa, hatapona, na anataka kuuona uso wako. Alikuwa ameondoka meno yake ya utoto ndiyo kwanza yanang'oka, mjomba wake akamchukua akasome Kitale. Mwanzoni barabara ya kurudi ilikuwa na risasi za majambazi. Risasi zilipopungua, aibu ikashika nafasi yake: mtu mzima, hana mbuzi, hana mke, atarudi nyumbani na nini? Nawe magoti yako yalikuwa hayawezi tena kupanda gari. Simu za kupiga picha hazikuwa zimetufikia. Ilibaki kamera yangu.

Nilikuwa nafundisha fizikia Lodwar, na picha ndizo zilikuwa starehe yangu. Nilikuja kwako na lenzi mbili. Kwa kuwa sikuruhusiwa kukukaribia, nilimpa Nakiru kamera yenye lenzi fupi, ile inayoona pana, nikamfundisha kuizungusha mpaka sura itulie, kisha nikatoka nje. Mliketi ndani, magoti yenu yakigusana. Nilisikia mkicheka.

Picha ilisafishwa kwenye duka la Mkongomani mmoja kule kambi ya wakimbizi. Ilipoletwa, pua yako ilikuwa imetangulia mbele, paji limevimba, masikio yamekimbilia nyuma, na shanga za shingoni zimekuwa kama magurudumu ya lori. Jirani yako aliichukua akaitazama. "Huyu ni ngamia ananusa uji," akasema. Ulicheka naye kidogo, kisha ukaisukuma mbali.

"Mwambie mumeo aichome," ulimwambia Nakiru. "Mwanangu asinione hivyo. Aone mtu."

Nakiru aliingia ndani. Tangu siku hiyo hajashika kamera.

Nilimweleza, nawe ukisikia, kwamba kosa si lake wala si la uso wako. Kamera ikisogea karibu mno, kilicho mbele hukua kuliko kilicho nyuma, pua ikalishinda sikio. Lenzi fupi humlazimisha mpigaji asogee hivyo ili uso ujae kwenye picha. Lenzi ndefu humwacha arudi nyuma, na uso ukajaa vilevile; kutoka mbali, pua na sikio hukaribia kuwa sawa, kila kitu kikakaa mahali pake. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukatema tumbaku pembeni.

"Mwambie mwalimu lenzi yake ndefu ina adabu," ulisema. "Inasimama pale anapopaswa kusimama mkwe."

Kesho yake asubuhi ulizipaka mafuta shanga zako, ukaketi mlangoni penye kivuli. Nilisimama ng'ambo ya ua, karibu na ule mti wa mswaki, nikazungusha lenzi. Ndipo nilipokuona usoni kwa mara ya kwanza, baada ya kuoa na kuzaa na kuzeekea kwenu. Nilichelewa kubonyeza. Nadhani ulijua kwa nini.

"Mwambie amalize," ulisema bila kutikisa kidevu. "Uso wangu si malisho."

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Macho yalitulia, mashavu yalikaa, shingo ilisimama na shanga zake zote. Mkongomani aliponipa aliniuliza, "Mwalimu, huyu ni mama mukwe ao ni bibi-arusi?" Nakiru alipokufikishia maneno hayo ulicheka mpaka ukaomba maji. Hiyo ndiyo niliyoitia kwenye bahasha ya Ekai. Ile nyingine niliiweka mfukoni mwa shati, nikisema nitaichoma jioni. Jioni ilipofika sikuweza. Ilikuwa picha ya kwanza aliyopiga mke wangu.

Niliporudi kutoka Eldoret kuja kukupa habari za msiba, ulilia kwanza siku zako za matanga. Kisha ulimwambia Nakiru, "Muulize, mwanangu aliiona? Alisema nini?" Nami nikajibu, "Mwambie Mama, alisema hujazeeka." Ulimsimulia kila mgeni maneno hayo. Ulikuwa ukinyoosha shingo ukiyasema.

Picha ile ya lenzi ndefu imetundikwa sebuleni kwetu Nawoitorong, hapa Lodwar. Wajukuu wako wameambiwa ndiyo nakala ya ile aliyokufa ameishika mjomba wao. Mmoja wao anapiga picha za harusi hapa mjini, na huwaambia wateja kwamba nyanya yake alichaguliwa lenzi kwa akili. Simpingi. Bibi harusi ana haki ya pua yake. Lakini juzi alimpa Nakiru kamera atupige sisi wawili kitandani, mimi na huyo mjukuu wako, na Nakiru akarudisha mikono nyuma. "Mimi naharibu nyuso za watu," alisema. "Mama yangu alijua." Alisema kwa kutania, kisha akaenda jikoni akakaa huko. Nikaomba kalamu.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa, Mama.

Ekai alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilimwamkia, "Ejok," naye akaitikia, halafu akaendelea kwa Kiswahili cha Kitale, maana lugha yetu ilikuwa imemtoka karibu yote. Nilimpa bahasha. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama mzuri," alisema. "Ni wa kwenu?"

Nikamwambia ni wewe. Alitikisa kichwa taratibu, kama mgeni anayekataa chakula bila kutaka kumuudhi mwenyeji. "Huyu simjui. Mama yangu alikuwa na uso mkubwa."

Nilitoa ile ya mfukoni. Aliishika kwa mikono miwili akaisogeza mpaka ikakaribia kumgusa pua. Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mwalimu wa fizikia. Alikujua kutoka mapajani mwako. Ukitazamwa kutoka hapo, ndivyo ulivyokuwa, na Nakiru alikuwa ameketi palepale.

"Ndiye," alisema. "Nani alimpiga picha?"

"Dada yako."

"Yeye anamjua," alisema Ekai, akageukia ukutani nayo.

Sikukwambia kwa sababu uliomba aone mtu, nami niliogopa ungesikia kwamba alimwona ngamia. Sikumwambia Nakiru kwa sababu ningemwambia yeye, wewe ungejua. Kesho nitampa karatasi hii aisome kwanza, kisha akusomee kaburini kwako Kakuma, kama tulivyozoea.

Baki salama, Mama, mpaka nifike. Nitasimama mbali kidogo, anapopaswa kusimama mkwe.

Picha iliyo ukutani kwetu si nakala. Ni ileile niliyompelekea Ekai, naye akanirudishia. Kitale, kwa mjomba wake, Ekai alizikwa na ile ya Nakiru.

Mkweo,
mume wa binti yako