Boriti Juu ya Udongo Mweusi

Jumatatu, 3 Februari 1969
Nimechota maji ya kumwagilia zege, kama jana. Boriti ya msingi, mhimili wa zege wa kubeba kuta, imeshika vizuri. Baba anaizunguka kama ng'ombe aliyemnunua juzi. Ofisi ya wachoraji wa ramani za nyumba Nairobi itanipokea Mei. Baba amesema sitoki hapa Naro Moru kabla nyumba haijaezekwa. Basi naitaka iishe kuliko yeye.

Jumamosi, 8 Februari
Nimemwambia Baba. Kule Tetu tulikotoka udongo ni mwekundu, hausogei. Unamwaga zege juu yake na unalala. Huu mweusi wa shamba tulilogawiwa ni mwingine. Kiangazi hunywea, mvua ikija huvimba na kusukuma. Boriti isiulalie. Ikae juu ya nguzo zilizoshuka hadi kwenye changarawe ngumu, na chini yake paachwe nafasi udongo uvimbe bila kugusa kitu.
Baba huniita Mama; nina jina la mamake. Akaipiga boriti teke.
"Mama, hii udongo imevunja jembe yangu mbili. Sasa ati itainua nyumba?"
Mafundi wakacheka. Jioni nikasema tena. Tukichimba upya Mei itapita, najua. Akakataa. Nilifurahi kidogo. Aibu.

Ijumaa, 28 Machi
Kuta zimepita madirisha. Mvua ya kwanza mchana. Mama yangu kaimba. Mimi nilikwenda kutazama nyufa za ardhi zikijifumba.

Jumatano, 23 Aprili
Ufa. Pembe ya chini, maji yanakotuama, imeinuka. Pembe nyingine hazijasogea. Boriti imepasuka katikati, na ufa umepanda ukutani kama ngazi. Fremu ya mlango imepinda. Baba hakula.

Alhamisi, 24 Aprili
Baba ameingia jikoni. Huwa haingii.
"Mama, ulisema nguzo zishuke mpaka wapi?"
Nilitaka kusema sijui. Nikamwambia.
Akatoka, akawaita majirani walio ng'ambo ya ua. "Kujeni! Huyu wangu anaijua hii ardhi!" Wote walitoka Tetu, wote walijenga kama sisi.
"Yangu utaanza lini, mwalimu?" mmoja akauliza. "Nyumba yangu iko na mdomo. Inanicheka kila asubuhi."
Baba akajibu kwa niaba yangu. Baada ya yetu, yake. Halafu ya ndugu yake. Hakuna aliyetaja Nairobi. Alipokuwa akinipuuza ningeweza kuondoka; sasa ananiamini.

Jumatatu, 5 Mei
Leo ndiyo siku niliyopaswa kuanza ofisini. Nimepima mashimo ya nguzo.

Jumatatu, 12 Mei
Mvua imesita. Shimo la kwanza limefika changarawe. Nilishuka mwenyewe kwa kamba kuhakikisha. Chini ni baridi, hakuna sauti. Nikaipiga kwa sululu, mkono ukauma.
Kichwa cha Baba kikatokea juu.
"Mama, ni ngumu?"
"Ni ngumu, Baba."
Nikakaa kidogo kabla ya kuomba kamba.