Robe ya Kijani ya Birere

Jumanne, 4 Juni

Cyprien ameniletea mwaliko ofisini. Bal, dansi ya kutafutia maternité ya paroisse, pale mama wanapozalia, pesa ya vitanda! Itaanza saa tisa mchana, ili kila mutu arudi kwake kungali mwangaza. Chini wameandika: wanawake, robe ndefu, yaani gauni la kufika chini, lazima. Robe yangu ndefu ni ile ya kuimbia chorale — na kola kama ya padri!

Lakini jambo lenyewe ni hili: présidente wa comité ya bal ni mama yake. Mama Apolline. Miaka miwili tunapendana na bado hajanipeleka kwao. Eti siku ya bal Mama ataniona, atanipenda. Cyprien ni mutu muzuri, ila anamuogopa mama yake kuliko volkano ya Nyiragongo.

Jumatano, 5 Juni

Fundi ametaja bei. Nikamuuliza kama anashona robe ao anajenga nyumba. Généreuse, mwenzangu wa ofisi, amesema mimi ni mupumbavu: niende Birere, sokoni, Jumamosi asubuhi, wanapofungua balo za nguo za Ulaya, ile mitumba.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeipata! Nimeipata!

Mama Kahindo, muuzaji, amekata kamba ya balo mbele yetu. Blauzi, makoti ya baridi, soksi moja ya mutoto — halafu kitu cha kijani, kinateleza kama samaki. Robe! Hadi chini, na vifungo vidogo mugongoni. Nikakamata mukono wake moja. Mukono wa pili ukakamatwa na mama mwingine — mwili kama wangu, miwani nyeusi, kitenge kimefunika kichwa mpaka kidevuni.

Navuta. Anavuta.

— Acha, dada, mimi ndiye niliiona mbele.

Sauti hiyo! Ndiyo inasoma matangazo kila Jumapili baada ya misa.

Mama Kahindo analia kwamba tutapasua robe na tutailipa wote wawili. Shetani akaniingia. Nikasema, kwa heshima yote, kwa sauti ya kufika barrière, kule mpakani:

— Jambo yako, Mama Apolline!

Watu wakageuka. Mukono ukaachiwa palepale. Nilipoinua macho, kitenge kilikuwa kinakimbia kati ya mikokoteni. Kumbe présidente anajua kukimbia hivyo! Nimelipa bei ya kuku. Juu ya moto, ile pikipiki ya kunirudisha, nilicheka mpaka motari akaniuliza kama niko muzima.

Sasa sicheki sana. Aliona sura yangu?

Jumapili, 9 Juni

Aliiona.

Baada ya misa Cyprien akajikaza, akanipeleka mbele ya mama yake. Alinitazama kutoka viatu mpaka nywele.

— Tunaonana mara ya kwanza, mademoiselle.

— Mara ya kwanza kabisa, Mama.

Halafu akawaambia mama wa comité kwamba robe yake iko njiani, inatoka Bruxelles. Nikauliza polepole: Bruxelles ya upande gani, Mama? Cyprien alinikanyaga mguu, masikini, bila kujua anaficha nini.

Mademoiselle! Wasichana wote wa paroisse anawaita "binti yangu". Hiyo imeniuma, niseme ukweli.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepiga pasi. Généreuse ameijaribu bila kuniomba. Kesho.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika mbiombio, katika chumba nyuma ya salle ya bal.

Robe imeshangaza watu! Cyprien alisahau kufunga mudomo. Lakini ile ya "Bruxelles", ya rangi ya pinki — imembana sana mwenyewe. Mama Apolline ameinama kumsalimia padri curé, tireti, ile zipu ya mugongo — praa! Kutoka shingo mpaka kiuno. Nilikuwa karibu. Amenikamata mukono, tumeingia hapa, amefunga mulango.

Sasa amekaa amejifunika kitambaa cha meza. Tireti imekufa, nimejaribu. Mama moja wa comité amekwenda kutafuta uzi na sindano; harudi. Ananiuliza naandika nini. Nimesema: majina ya wageni, Mama.

Huko nje, kwenye micro, wanamwita présidente afungue dansi. Mara ya pili sasa. Anatazama robe yangu.

— Vua. Mwili wetu ni moja. Ulijua tangu Birere.

Birere! Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake!

— Na mimi nivae nini, Mama?

— Kitambaa hiki ni safi.

Nimecheka, sikuweza kujizuia. Na yeye mudomo umemcheza kidogo — nimeona!

Cyprien anagonga, anaita: Mama, watu wanangoja! Uko na nani humo?

— Nitavua, Mama. Lakini mujibu Cyprien kwanza. Mwambie uko na nani — na usiseme "mademoiselle".

Amesimama, anashikilia kitambaa chake. Mukono mwingine uko kwenye kitasa. Hajafungua mulango. Na mimi sijafungua hata kifungo kimoja.