Milango Mirefu ya Kilimani

Jumanne usiku, Nyakuron

Twiga! Eti nani atapita hapa, twiga?

Okello, fundi wangu wa mbao kutoka Gulu, alisema hivyo leo mbele ya Mama Poni, mwenye kile kilima cha upande wa Gumbo tunakojenga. Alikuwa ameshika michoro yangu ya nyumba za udongo za wageni na ofisi ya wasanii. "Madam, hii milango yote iko mrefu sana. Mbao itapotea bure."

Nilitaka kumchapa kwa rula.

Mama Poni akaniuliza kwa nini. Nikajibu haraka kwamba hewa ya moto hupanda, na mlango mrefu huitoa nje, nyumba ikapoa bila feni. Si uongo. Lakini juu ya ukuta nimeshachora matundu ya kazi hiyohiyo, na Okello aliyaona.

Sikujua. Naapa sikujua mpaka leo. Tangu nianze kumpenda Deng, kila mlango nimekuwa nikiuchora kwa kimo chake, kwa sababu Juba nzima alikuwa akiinama kuingia ndani. Hata kwangu. Kovu la paji la uso alilipata kwenye mlango wangu wa jikoni.

Jumamosi iliyopita alifunga ndoa Kampala. Dada yake ndiye aliyenipigia simu. "Malesh, pole, dada yangu," akasema, kisha akalia kuliko mimi.

Basi nimeishusha milango yote. Mama Poni atapita, wageni watapita, wasanii watapita wima na vikombe vyao vya chai.

Hakuna atakayehitaji kuinama. Ni Deng tu angeinama.