Nilimtungia Baba Kitabu cha Nane

Mshauri mpendwa, shikamoo na pole na kazi, najua meza yako imejaa barua za ndoa lakini yangu si ya ndoa, ni ya kitabu cha katuni, na nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho.

Mimi ni dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli, na naishi na baba yangu ambaye alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na minane, hadi mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili. Tangu niko darasa la pili mimi na yeye tuna ugonjwa mmoja, vitabu vya Fundi Nati, yule mama mfungua makufuli anayekamata wezi pamoja na mumewe Masikio, mwenye masikio kama sahani, anayesikia hata mchwa akitafuna mlango. Vitabu saba tumevisoma mpaka majalada yametoka, baba akiwa Nati na mimi Masikio, na macho yake yalipokwisha nikawa nasoma sauti zote na kumweleza picha, nani amenuna, nani ameteleza.

Kitabu cha nane tulikisubiri miaka minne. Kilipotoka nilikimbilia dukani na aproni yangu ya kazini, Jumapili baada ya chakula nikamkalisha baba karibu na dirisha, nikafungua, na mshauri, kitabu ni kibovu. Mchoraji wamembadilisha, nyuso zote zinafanana kama mayai, Nati ameuza zana zake ili atangaze sabuni, mzaha hakuna hata wa dawa, na ukurasa wa kumi na mbili Masikio, Masikio wetu, anageuka kuwa mkuu wa wezi! Baba akauliza, "Vipi, mbona umekwama?" Nikamtazama alivyoinamisha kichwa kusikiliza, tabasamu limekaa tayari, nikasema, "Hapana baba, nageuza ukurasa," na kuanzia hapo nikatunga. Nikampandisha Nati kwenye mnara wa saa kubwa iliyosimama, nikamnasisha mwizi ndani ya mitambo, Masikio akawa chini ameegesha sikio ukutani, na baba akaanza kusahihisha, "Gurudumu hilo halizunguki upande huo, huyu mchoraji saa haijui," nikasema kweli haijui, na tulipomaliza alikuwa amecheka mpaka akapaliwa. Mwisho wenyewe nilikuja kuusoma peke yangu kwenye stoo ya mashuka: Nati anaamka kitandani, kumbe vitabu vyote vinane vilikuwa ndoto.

Ningeishia hapo ingebaki siri yangu. Lakini baba ni mtu wa watu, akampelekea hadithi yangu kinyozi wa jirani, rafiki yake wa siku zote, kinyozi akanunua nakala yake, akaja nayo mbio: "Mzee, mbona changu hakina mnara?" Baba akamjibu bila kusita, "Umeuziwa feki, rafiki yangu," na sasa anataka waende wote wawili wakamkalie kooni mwenye duka.

Kubwa zaidi, Alhamisi ya wiki ijayo baba anafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, daktari anasema ataona, na yeye ameshatangaza kwamba akifunguliwa bandeji ataanza na picha ya mnara. Kaka yangu, fundi paa, ananiambia, "Kitie maji, sema kilinyeshewa." Lakini baba hajawahi kumwambia mteja saa imepona wakati haijapona. Nikimwambia, ataona nimemfanya mtoto mdogo. Nisipomwambia, jicho lake litaniumbua. Nifanyeje?

Dobi mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, dobi binti yangu. Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa pale kwenye feki.

Pole, tena pole ya kweli. Nina mfululizo wangu mmoja niliouacha kwenye kitabu cha tano, na mpaka leo sipiti karibu na rafu yake. Anayependa ndiye anayeumia. Na Jumapili ile ulimwonea baba yako huruma, ukatunga vizuri kuliko waliolipwa kutunga. Basi, pongezi zimeisha, kaa sawasawa.

Kinyozi wa watu ameonekana mjinga kwa ajili yako. Mwenye duka anakaribia kuitwa tapeli kwa ajili yako. Uongo wa huruma ulikuja kama mgeni wa mchana mmoja, wewe umempa chumba. Halafu unaniambia unaogopa ataona umemfanya mtoto. Mama, umeshamfanya! Mzee huyo amevipenda vitabu saba pamoja nawe. Cha nane kikimkosea, ana haki ya kupiga meza na kumsema mchoraji mpaka povu limtoke. Wewe umekasirika peke yako huko stoo, yeye ukamnyima hasira yake. Hilo ndilo lililonikera, wala si mnara.

Kaka yako arudi juu ya paa, ushauri wake hautufai. Usingoje Alhamisi pia, baba asiingie kwenye kisu huku amefichwa jambo. Jumamosi hii, akishakula, kaa kando yake useme: "Baba, kuanzia ukurasa wa kumi na mbili nilikudanganya." Usizunguke. Kisha msomee chote kilivyo, na ndoto yake. Akinyamaza, mwache anyamaze. Na kwa kinyozi nenda kwa miguu yako, ukamwombe radhi mbele ya wateja.

Jibu hili nilimsomea kwa simu kabla ya kulichapisha, maana hospitali haisubiri gazeti. Juzi ameniandikia tena:

"Mshauri, nilisema. Baba akaniambia, 'Yaliyoondoka ni macho. Mimi nilikuwepo.' Nikalia, akaniacha nilie, halafu akasema, 'Haya, soma.' Masikio alipogeuka mwizi, baba alisimama. Kwenye ndoto alininyang'anya kitabu akakirusha mlangoni, kikampata kinyozi ndiyo kwanza anaingia, na wote watatu tukamsema mchoraji mpaka chai ikapoa. Sijapata kumwona baba amekasirika kwa raha namna ile. Kesho yake niliomba radhi kinyozini mbele ya wateja watatu wenye povu kidevuni, wakanicheka, nikastahili.

Upasuaji umekwenda salama. Bandeji ilipotoka alinitazama mimi kwanza, akasema nimekonda. Tulipofika nyumbani akakitaka kitabu, akakipekua chote, akaniambia, 'Ulimstahi huyu mchoraji. Kitabu ni kibaya zaidi ya ulivyosoma.' Sasa anawaandikia wachapishaji malalamiko, amefika ukurasa wa nne, hataki mtu amsaidie. Nimechungulia begani kwake. Herufi zote zimekaa juu ya mstari."